Mashine au Sikio

Tarehe 3 Februari

Wifi yangu,

Shikamoo. Najua utanuna, utasema nakuzeesha mbele ya wateja wako, lakini mkubwa ni mkubwa hata akipaka wanja. Sisi huku wazima. Mama mwenye nyumba kapona mguu, karudi kwenye kazi yake ya kukagua nguo za watu kwenye kamba. Mvua nayo inanyesha siku niliyofua tu.

Najua unashangaa nakuandikia barua kama watu wa zamani. Ni Karanga huyo mwanao. Alichukua simu yangu akaiogesha kwenye ndoo, na sabuni juu, akaniletea huku anacheka. Niligombeza, halafu nikaona kumbe ameipaka na mafuta ya kupaka, nikashindwa hata kukasirika. Nikaomba simu ya mama mwenye nyumba nimpigie baba Karanga. Inaita, inaita, haipokelewi. Nimejaribu asubuhi, nimejaribu jioni, na wewe simu huna, nimezoea kukupata kwa hiyo yake. Basi dereva wa lori la saruji amekubali kukupitishia barua kila akileta mzigo huko kwenu. Mtu mzuri, ila akiamua kulala njiani, amelala.

Karanga sasa anaongea, wifi. Baba yake alimwacha anatambaa, hana neno hata moja, ni mate tu. Sasa anasema "maji", anasema "toka", na gari lile la uani analiita "dudu". Na "baba" anasema. Hasemi ovyo. Anakwenda mpaka kwenye gari, anapiga boneti kofi, anaita "Baba!", kisha anatulia kungoja aitikiwe. Mwambie anaitwa.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Ni hilo gari. Unalikumbuka, lile dogo alilolitoa injini yake akalifunga ya pikapu, watu wakasema amevalisha paka viatu vya ng'ombe. Kabla hajaja huko kwako kutafuta kazi alishafunga kila kitu, na turbo juu yake, lile dude linalosukuma hewa ndani ili injini ipate nguvu. Kimebaki kitu kimoja, kuitunisha. Yaani kile kisanduku cha kompyuta cha injini kifundishwe, hewa ikiingia kiasi hiki, mafuta yatoke kiasi hiki. Bila hivyo linakohoa, na ukililazimisha mbio pistoni zinaungua. Usinicheke. Nimelala kitanda kimoja na fundi, mengine yanaingia yenyewe.

Rafiki yake, yule fundi tunayemwita Taratibu kwa sababu hajawahi kufanya kitu polepole hata kula, anakuja kila wiki kunisumbua. Anasema gari likikaa litaoza, na njia ziko tatu. Ya kwanza, kununua faili lililokwisha kutengenezwa kwa gari jingine lenye injini kama hii, ukalipakia, kwisha kazi. Ya pili, kulipeleka kwenye mashine ya rola, linafungwa kwa minyororo, magurudumu yanazunguka palepale, kompyuta inasoma nguvu na moshi, fundi anarekebisha. Ya tatu ni barabarani, mmoja anaendesha, mwingine amekaa pembeni na kompyuta ya mapajani, anasikiliza injini kama inagonga, anaongeza, anapunguza, wanarudia siku hata siku.

Jibu lake nalijua. Wewe humjui akiwa kazini. Anachukua bisibisi yake ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini, mpini anauweka sikioni, anafumba macho kama mtu anayeambiwa siri. "Injini inasikilizwa, mke wangu, haipimwi." Ndiye huyo. Lakini nataka neno lake mwenyewe nimfunge nalo Taratibu mdomo. Na kama atasema, "Msiguse, nakuja mwenyewe," basi nitakuwa nimepata nilichokuwa nakitafuta tangu mwanzo wa barua hii.

Wako anayekupenda hata ukinuna,
Mama Karanga

*

Tarehe 27 Februari

Mama Karanga,

Marahaba, na ukome. Hapa nilipo nina mteja anaamini mimi na yeye tumelingana, barua yako nimeificha chini ya kitambaa asije akaona hiyo shikamoo.

Mimi ni mzima, mgongo tu. Msimu wa sare za shule umenikuta na cherehani moja na mguu mmoja wa kukanyagia, kwa sababu ule mwingine umevimba. Mtoto wa jirani kaolewa, nguo nimeshona mimi, ikapasuka ukumbini kwa sababu bibi harusi alinidanganya kiuno chake. Lawama zote kwangu.

Simu nimecheka mpaka nimejidunga sindano. Huyo mtoto ni wa kwetu kabisa, sisi ni watu safi.

Mdogo wangu yupo. Anakula, analala. Alisumbuliwa na kifua kidogo, kimepona. Simu yake ndiyo haina maana siku hizi, usihangaike kupiga. Kuandika nako unamjua, ukimpa kalamu ni kama umempa nyoka.

Hilo la gari nimempa barua yako akasoma mwenyewe, maana mimi ningemwambia turbo ni ukanda wa suruali. Ila nilivyoelewa mimi kwa akili ya kushona, faili la kununua ni nguo ya dukani, imekatwa kwa mwili wa mwingine, unaomba Mungu ikukae. Rola ni futi ya kupimia. Hiyo ya barabarani ni kumvalisha mtu, ukamwambia kaa, inuka, tembea, inama, huku unabana na kuachia pini. Nami ningesema ya tatu, kwa sababu futi haijui mtu akikaa anatoka tumbo.

Lakini yeye amesema ulipeleke kwenye mashine.

Ndivyo alivyosema. Hakuongeza neno.

Mbusu Karanga shavu lile lenye alama.

Wifi yako,
ambaye hajazeeka

*

Tarehe 12 Machi

Wifi,

Shikamoo. Leo sitanii. Karanga mzima, jino la juu linamtoka, anauma kila kitu mpaka mguu wa meza. Mama mwenye nyumba anakusalimu. Mvua imepungua.

Wifi, una hakika alisema mashine? Baba Karanga huyu huyu?

Maana sijui kama nilishakusimulia. Mwaka alipoanza hilo gari, alikuja mwenye mashine ya rola mwenyewe hapa uani, kamsikia sifa, anataka kumpa kazi. Baba Karanga alimkaribisha chai vizuri. Yule bwana akasema, "Ndugu yangu, zama za bisibisi zimepita." Heh! Chai iliishia pale. Akamwambia, "Mashine yako inasikia kelele, haisikii injini." Wakabishana mpaka giza likaingia, mimi na mimba yangu nimeshikilia taa. Yule bwana alipoondoka, baba Karanga akaniambia, "Siku utakayonisikia nasema gari langu lipelekwe kwa yule, ujue mimi siyo mimi."

Sasa wewe unaniletea neno hilo kwenye karatasi, limeandikwa mstari mmoja kama bei ya nyanya.

Nilimwambia Taratibu. Alikuwa anakula, akaacha kula, na hilo peke yake lilinitisha. Akasema, "Kasema mashine? Shemeji, huyo kakata tamaa na hilo gari." Kisha akaona uso wangu akaanza kujifanya anacheka, akasema labda huko mjini kaelimika. Lakini neno lilishanitoboa. Kama amelikatia tamaa gari, mtu ambaye alikuwa akiamka anakwenda kuligusa kabla hajanawa uso, basi sisi wengine je? Gari ndilo lililokuwa la kumrudisha. Kila alipoondoka kwenda kutafuta kibarua alisema, "Narudi, sijamaliza gari." Hakusema narudi, nina mke. Nilikuwa sikasiriki, nilijua ni namna yake ya kusema.

Wifi, niambie kama kuna mwanamke. Nimeliandika, nimelikata, nimeliandika tena. Simu haipokelewi. Barua haandiki. Gari anamwachia yeyote alishike. Mimi ni mtoto mdogo kwako na darasani sikufika mbali, lakini hesabu hiyo hata mimi naijua. Kama yupo, niambie tu. Nitalia, halafu nitapika, maana mtoto lazima ale. Nisichoweza ni huku kukaa kama nguo iliyosahauliwa kwa fundi cherehani, haijulikani inashonwa au imetupwa.

Usiniambie kwamba anakula na analala. Hata mgonjwa anakula na analala.

Mama Karanga

*

Tarehe 5 Mei

Mwanangu, mke wa mdogo wangu,

Hujambo wewe na Karanga? Jino limetoka? Hapa sare zimekwisha, mguu umeshuka uvimbe. Dereva wako amepita hapa zaidi ya mara moja akiulizia jibu, nami nikamwambia bado naandika, na nilikuwa siandiki. Safari moja nilijificha chooni mpaka lori lilipoondoka. Mtu mzima mimi.

Hakuna mwanamke. Ingekuwa yupo ningekuandikia siku ileile, kisha ningekwenda kumvuta nywele mwenyewe, kazi ningeiona nyepesi.

Kile kifua nilichokiita kidogo hakikuwa kidogo. Alikohoa mpaka nikawa nalala nimekaa, nikisubiri kikohozi kinachofuata. Hospitali wakasema ni ule ugonjwa wa mapafu wenye ukaidi, dawa za kawaida zimeshindwa, zimebaki sindano, tena za muda mrefu. Daktari, bibi mmoja mpole, alimkalisha akamweleza wazi kwamba sindano hizi zinaweza kumwokoa, na zinaweza kuchukua masikio. Alimwambia afikiri, arudi kesho. Mdogo wangu hakutaka kesho. Alisema, "Nina mtoto. Nichomeni."

Mapafu yamepona, mama Karanga. Masikio yamekwenda. Yalianza kwa mlio kama wa mbu, akawa anapiga hewa kwa mkono. Kisha akawa ananiuliza kwa nini nimeanza kunong'ona. Sasa ukimpigia kelele mlangoni mwa sikio anasema anahisi upepo.

Alinikataza nisikwambie, nikakubali. Ndiyo maana ya lile "anakula, analala".

Barua yako ya kwanza aliisoma akiwa amekaa kwenye marobota ya vitambaa vyangu. Alicheka pale pa simu na sabuni, alicheka kwa nguvu, maana siku hizi hajui sauti yake ina ukubwa gani. Alipofika pale Karanga anapopiga boneti na kungoja, aliacha kusoma. Akaenda kwenye begi lake akatoa ile bisibisi. Mimi nilikuwa napinda sketi. Akaja, akaegemeza ncha kwenye tumbo la cherehani, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Nikajua anachotaka. Nikakanyaga pedeli, mama Karanga, nikakanyaga na mguu ule wenye uvimbe, nikakanyaga mpaka sketi ya watu ikajikunja yote chini ya sindano. Alikaa vile kwa muda mrefu. Akahamishia sikio la pili. Kisha akachukua kipande cha kitambaa, akaifuta bisibisi vizuri kama mtu anayerudisha cha kuazima, akasema kwa sauti hiyo yake kubwa, wateja wote wakageuka, "Mwambie apeleke kwenye mashine."

Hukukosea, kweli alikuwa amekata tamaa. Hakulikatia gari.

Nilikuficha na jingine. Aliagiza mambo mawili. Gari likishatunishwa liuzwe. Na wewe usimsubiri. La pili nililimeza. Nilimwambia ni upumbavu, nikamwandikia hivyo kwa chaki ya kushonea juu ya meza. Akanijibu, "Mtoto ananiita na anangoja. Ataita mpaka achoke, halafu ataniona mimi ni jiwe. Bora asinione." Nikafuta chaki.

Sasa umejua. Nipige ukitaka, lakini kwanza niandikie.

Wifi yako

*

Tarehe 19 Mei

Wifi yangu,

Shikamoo. Salamu kwanza, hata leo. Jino limetoka, na pacha lake linakuja. Mama mwenye nyumba aliniona nimekaa kwenye ngazi na barua yako, akanianulia nguo zangu zote akazikunja, na hakusema neno juu ya madoa. Ujue nilitisha.

Sikupigi. Nililia kwa sababu mbili, na moja ni aibu kusema. Nililia kwa ajili ya masikio yake, na nililia kwa furaha kwamba hakuna mwanamke. Mungu anisamehe, zote mbili zilitoka kwa macho yaleyale.

Halafu nikafanya alichosema. Nilimwambia Taratibu tulitoe gari uani, twende kwenye mashine. Njia nzima hakuendesha kwa fujo. Karanga nilimbeba mgongoni.

Wifi, sikiliza nilichokiona. Ni banda kubwa, sakafuni kuna rola mbili za chuma. Gari likapandishwa, likafungwa minyororo nyuma na mbele kama fahali. Yule bwana wa ile chai ndiye mwenyewe. Alinitambua, akaniuliza mume wangu yuko wapi, nikasema safarini. Hakuuliza zaidi. Akaniuliza nataka gari la mbio au gari la kuishi. Nikasema la kuishi. Kisha kabla hajawasha, akagawa vitu vya kuziba masikio, vile vikubwa kama bakuli mbili. Yeye akavaa, msaidizi wake akavaa, Taratibu akavaa, mimi akanipa, na Karanga akafungwa kitambaa kichwani, akatolewa mpaka nje kwa mke wa mlinzi.

Injini ikaanza kupanda, ukuta unatetemeka, meno yangu yanatetemeka, na mimi sisikii kitu. Hakuna mtu aliyesikia kitu! Wote tumesimama viziwi mle ndani. Yule bwana macho yake yako kwenye kioo cha kompyuta, kuna mstari unapanda kama kilima, na pembeni mwingine mdogo. Mkono wake mmoja umelala ubavuni mwa gari, anaisikia injini kwa kiganja. Akitaka mafuta yapunguzwe anaonyesha vidole. Akitaka asimamishiwe anafunga ngumi. Ule mstari mdogo ukaruka ghafla, akafunga ngumi, gari likazimwa. Baadaye nikamuuliza pale uliona nini. Akasema, "Ilianza kugonga." Nikamwambia, hukusikia. Akasema, "Mama, hapa hatusikii. Tunaona."

Nikamwambia palepale, nina mtu. Nikamweleza ni nani na yaliyompata. Akavua kofia, akasema, "Yule wa bisibisi? Aje. Hata leo aje. Mimi kitu anachokijua yule sijakipata kwenye kompyuta."

Kwa hiyo huu mstari unaofuata ni wake, mpe asome mwenyewe.

Baba Karanga. Umesema mashine ukidhani unafunga mlango. Nimekwenda, mlango uko wazi, na mwenye banda anakungoja. Kazi ile ni ya macho na kiganja, na wewe vyote unavyo. Mtoto kukuita na usisikie, hilo niachie mimi. Sijui kuandika vizuri, wewe hujui kuandika kabisa, tutaelewana. Njoo. Ukifika usiku gonga dirisha, ukifika mchana ingia tu.

Wifi, mpe haraka. Nimempa dereva na maandazi ili asilale njiani.

Mama Karanga

*

Tarehe 2 Julai

Mama Karanga,

Nianze na salamu kama ulivyofanya. Hamjambo. Mimi ni mzima wa mwili.

Lori lako lilivunjika ekseli katikati ya safari, dereva akalilinda mpaka kipuri kikaja. Barua ilinifikia imeloa pembeni lakini inasomeka yote. Nilipoipokea kitanda chake nilikuwa nimeshakikunja.

Ameondoka. Aliamka asubuhi, akaoga, akapiga pasi shati, nami nikafurahi nikadhani anatoka kidogo. Akaniambia kuna kazi kwenye mtambo wa kusaga mawe, mbali, jina la mahali akakataa kulisema. Akasema, "Dada, kule hakuna anayesikia wala anayeongea. Nitakuwa sawa na wenzangu." Nikamshika mkono. Akanishika kichwa kama mtoto, yeye mdogo wangu, akaondoka.

Nimekwenda stendi. Nimewauliza wakata tiketi, nimewauliza hata wabeba mizigo, nikiwaigizia mwendo wake. Mmoja akasema alimwona, mwingine akasema ni mtu mwingine. Kila anayekuja na habari za mawe au kokoto namkalisha, namuuliza. Nimepata mitambo mitatu ya namna hiyo, kote hawamjui, au wanamjua kwa jina jingine.

Barua yako ingefika kabla, angekuja. Namjua. Angeisoma hapa kwenye marobota, na pale pa "tunaona" angeinuka. Hili sitaacha kulifikiri, na wewe nakuomba usilifikiri.

Ukutani kwangu kulikuwa na picha ya Karanga, ile amekaa kwenye beseni. Pamebaki msumari. Alichukua hiyo tu, mama Karanga. Nguo za baridi ameacha.

Nisamehe,
Wifi yako

*

Tarehe 21 Agosti

Wifi yangu,

Shikamoo. Hatujambo sana. Mama mwenye nyumba sasa ananiita mwanangu, sijui nifanye nini na wema huo wa ghafla, nimezoea ugomvi. Karanga anakimbia. Mgongo wako je? Usikanyage na mguu mmoja tu, badilisha.

Sina cha kukusamehe. Wewe ulikaa naye kwenye kile kikohozi. Mimi nilikuwa huku nalalamika kuhusu simu.

Aliagiza mawili, ulisema. Gari nimeliuza. Kalichukua mwenye banda la mashine, kasema atalitumia kufundishia vijana, na baba Karanga akitokea atalikuta. Siku walipolitoa uani pakabaki mahali pakavu pa umbo lake, nyasi nyeupe. Karanga alikwenda akasimama katikati, akatafuta boneti ya kupiga, hakuiona, akanitazama. Nikamchukua nikamwosha miguu. Basi, hilo moja nimemtii. Lile la pili wifi, la kutomsubiri, nimejaribu, siliwezi. Asinilaumu, alioa mtu ambaye hakusoma sana.

Kwa hiyo ninamsubiri, lakini mikono haijakaa bure. Nilimwandikia kwamba mtoto kumwita na asisikie aniachie mimi, hata kama hakuisoma niliahidi. Nimeacha kumwitikia Karanga akiniita nikiwa nimempa mgongo. Inauma, mwanzoni alilia mpaka akakaukiwa. Namgeukia tu akija mbele, akinigusa, akinitazama machoni. Hapo ndipo anaposema, na mimi napokea kila neno kama zawadi. Ameshika haraka, ni wa kwenu. Sasa hasemi na mtu bila kumgusa kwanza, na midomo anaifungua wazi, polepole, kama anakulisha neno.

Jana alimfanyia dereva wa lori. Alimvuta suruali, akangoja mpaka ameinama, akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamtazama, akasema, "Maji."

Yule baba wa watu akabaki ameinama vile vile. Akaniuliza, "Huyu nani kamfundisha?"

Nikamwambia ni mimi.

"Mbona mimi nasikia, mama?"

Nikamwambia najua unasikia. Wewe ni wa mazoezi tu.

Mama Karanga